Wanaorekodi chumbani wahitaji sikio la pili

KUNA mjadala uliopamba moto miongoni mwa vijana wetu, katika mabweni ya vyuo vikuu na hata katika shule za upili. Mjadala wenyewe ni huu: je, mwanafunzi mwenye kipawa aliyetunga wimbo ajinyime mpaka apate fedha za kukodi studio kamili, yenye fundi na mitambo ya kutajika, au ajifungie chumbani mwake na kompyuta, maikrofoni moja na blanketi dirishani, aurekodi wimbo wake mwenyewe? Wapo wanaoshikilia kwamba muziki usiopitia studio ni kelele tupu. Wapo nao wanaodai kwamba studio ni mrija wa kuwanyonya wanyonge, na kwamba siku hizi kila kitu kimo ndani ya simu.

Mimi si mwanamuziki. Nafundisha isimu, na kwa zaidi ya miaka kumi na mitano nimekuwa nikinasa sauti za watu ili kuchunguza matamshi yao. Hata hivyo, maadamu nyimbo zetu nyingi husimama au kuanguka kwa maneno yake, naona si vibaya mtu wa lugha naye akichangia. Rai yangu ni kwamba wabishani wa pande zote mbili wameelekeza macho yao kwenye kuta na mitambo, wakalisahau jambo lililokuwa na manufaa makubwa zaidi katika studio za kale, nalo ni kwamba palikuwapo mtu wa pili. Mtu huyo alisikiliza, akasema "rudia", kisha akaandika jina la wimbo, la mwimbaji na la mtunzi. Kijana anayerekodi chumbani anaweza kufanya kazi njema pasi na kuta zile, lakini pasi na mtu huyo atapata tabu.

Tuanze na historia kidogo. Mnamo 1928, Siti binti Saad wa Unguja na wenzake walisafiri hadi Bombay, India, kurekodi nyimbo za taarab kwa kampuni ya His Master's Voice. Hebu msomaji afikirie: ili sauti ya Mswahili inaswe, ilibidi mwenye sauti avuke Bahari Hindi. Na alipofika huko, santuri ya wakati huo ilibeba takriban dakika tatu tu kwa kila upande. Wimbo ambao nyumbani ungeendelea kadiri wasikilizaji walivyotaka, watu wakituza na mwimbaji akirudia beti, ulilazimika kukatwa ulingane na sahani. Sifa za Siti, ambaye Shaaban Robert alimwandikia wasifu, zilienea kotekote pwani kwa santuri hizo. Lakini ni vyema tukumbuke kwamba tunachokisikia leo ni taarab iliyopunguzwa kwa kipimo cha mashine.

Baadaye safari ilifupika. Katika miaka ya 1960, studio ya Equator jijini Nairobi, chini ya Charles Worrod, iliwarekodi akina Fadhili William na Daudi Kabaka. Wimbo wa Kabaka, "Helule Helule", ulivuma hata ukarekodiwa upya na kundi la The Tremeloes la Uingereza mwaka 1968. Kwa kuwa Nairobi ilikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, wanamuziki wengi wa Tanzania na wa Zaire ya wakati huo walimiminika hapa katika miaka ya 1970. Huko Dar es Salaam nako, Radio Tanzania ilikuwa takriban mlango wa pekee wa kurekodia, na maneno ya nyimbo yalipitiwa na kamati kabla ya kurekodiwa.

Nimeiita studio mlango, na kila mlango una bawabu. Bawabu huyo alikuwa na dhuluma zake. Si wachache kati ya wanamuziki wa enzi hizo waliolipwa kwa mkupuo mmoja, wakatia sahihi karatasi wasizozielewa, kisha wakakaa kutazama nyimbo zao zikiwatajirisha wengine. Kijana wa leo anayekataa kwenda studioni kwa kukumbuka yaliyowapata babu zake hatupaswi kumcheka.

Pamoja na hayo, haki yataka tuseme na upande wa pili. Kanda ilikuwa ghali, na saa ya studio ilikuwa ghali zaidi. Aghalabu bendi nzima ilipiga kwa pamoja mbele ya maikrofoni chache, hivi kwamba mpiga besi akikosea, wote walianza upya. Kwa sababu hiyo walifika wakiwa wamefanya mazoezi hadi kila mmoja anaujua wimbo kama anavyoijua njia ya kwao. Nyuma ya kioo aliketi fundi ambaye hakuutunga wimbo, hakuwa ndugu wa mwimbaji, wala hakuwa na sababu ya kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Akiona neno halisikiki, alisema. Wahenga walinena kwamba kinyozi hajinyoi, na akijinyoa hujikata. Fundi yule alikuwa kinyozi wa wimbo.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1979, kampuni ya TEAC ya Japani ilipoanza kuuza mashine ndogo iliyoweza kunasa sauti nne mbalimbali, moja baada ya nyingine, kwenye kaseti ya kawaida. Mwanamuziki wa Marekani, Bruce Springsteen, aliitumia mashine hiyo mwanzoni mwa 1982 katika nyumba aliyopanga jimboni New Jersey. Alikusudia tu kuwaonyesha wenzake nyimbo mpya alizotunga. Walipoingia studioni na bendi nzima, nyingi kati ya nyimbo hizo zilipoteza ladha, na hatimaye kaseti yenyewe ndiyo iliyotolewa kuwa albamu ya Nebraska mwaka huohuo. Watetezi wa chumba hupenda sana kuutaja mfano huu. Wasichokitaja ni kwamba mafundi walihangaika si haba kuihamisha sauti ya kaseti ile hadi kwenye santuri, na kwamba uamuzi wa kuiacha ilivyo ulifikiwa baada ya watu kusikiliza na kulinganisha.

Mfano mwingine unaotajwa ni wa karibuni. Mwaka 2019 Billie Eilish na kaka yake, Finneas, wa Los Angeles, walitoa albamu ambayo kwa sehemu kubwa waliirekodi katika chumba cha kulala nyumbani kwa wazazi wao. Januari 2020 albamu hiyo ilituzwa Grammy ya albamu bora ya mwaka. Vijana wetu wakauona ushahidi kwamba studio imekufa. Lakini tukitazama kwa makini, chumbani mle walikuwamo watu wawili tangu mwanzo, mmoja akiimba na mwingine akisikiliza. Na ilipofika kazi ya kuchanganya sauti, waliipeleka kwa fundi wa kazi hiyo, Rob Kinelski. Walizikwepa kuta za studio, ila hawakulikwepa sikio la mwenzao.

Kwetu Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 2000, Calif Records ya prodyuza Clemo, iliyochukua jina la mtaa wa California huko Eastlands, ilitoa nyimbo za genge kwa Sheng, na akina Nonini na Jua Cali wakavuma nchi nzima. Mwaka 2018 kundi la Ethic lilitoa "Lamba Lolo", na mtindo wa gengetone ukaenea kama moto nyikani. Mwalimu anaweza kuyachukia maneno ya baadhi ya nyimbo hizo, na mara nyingi ana sababu nzuri. Lakini mtu wa isimu hawezi kukana kwamba studio ndogo za mitaani zimeipa Sheng nafasi ya kusikika ambayo bawabu wa zamani asingeitoa kwa urahisi. Hali kadhalika, vijana wa jamii ndogondogo, ambao hakuna kampuni ambayo ingejitolea kuwachapia santuri, leo wanaweza kuimba kwa lugha ya mama bila kumwomba mtu ruhusa. Huo ni uhuru mkubwa, na anayetaka kuurudisha nyuma atakuwa anatwanga maji kwenye kinu.

Hata hivyo, uhuru huo una gharama, na gharama ya kwanza hulipwa na maneno. Wanafunzi wa fonetiki wanajua kwamba irabu zina nguvu na kwamba konsonanti nyingi ni dhaifu. Ukimwita mtu aliye ng'ambo ya mto, anachokisikia hasa ni irabu. Vikwamizo kama vile /f/, /s/, /sh/ na /th/ ni pumzi nyembamba tu, na sehemu kubwa ya kinachovitambulisha imo katika sauti za juu, aghalabu kupita mitetemo 4000 kwa sekunde. Simu za zamani zilipitisha mitetemo kati ya 300 na 3400 hivi kwa sekunde. Ndiyo maana mtu alipotaja jina lake kwa simu alilazimika kufafanua, "F ya Fatuma" au "S ya Samweli".

Chumba kibaya huyaharibu maneno kwa njia yake. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Katika chumba chenye upana wa mita tatu, sauti inayotoka upande mmoja huugonga ukuta wa pili na kurudi kabla ya sehemu moja ya hamsini ya sekunde kupita. Muda huo ni mfupi mno kwa sikio kutambua mwangwi uliojitenga. Badala yake twasikia sauti moja iliyovimba, ambamo mkia wa irabu iliyotangulia unaifunika konsonanti inayofuata. Mwimbaji anaimba "fika", nasi twasikia "shika". Anaimba "thamani", nasi twasikia "samani", na shairi lililosifu thamani ya mapenzi linageuka kuwa tangazo la viti na meza.

Vijana wengi hugongomea trei za mayai ukutani wakiamini kwamba kwa kufanya hivyo wamejenga studio. Trei hizo ni karatasi nyepesi. Hupunguza kidogo tu makali ya sauti za juu, hazizuii honi za matatu, wala haziigusi besi. Sauti ya besi yenye mitetemo 100 kwa sekunde ina wimbi lenye urefu wa mita 3.4, yaani linalokikaribia chumba chenyewe kwa ukubwa, na wimbi kama hilo halitishwi na karatasi. Kinachofaa zaidi ni vitu vinene vilivyomo nyumbani: magodoro mawili yaliyosimamishwa nyuma ya mwimbaji, blanketi nzito, kabati lililojaa nguo, zulia sakafuni. Maikrofoni nayo iwe umbali wa shibiri moja kutoka kinywani, na ikae kando kidogo ya njia ya pumzi, kwa sababu vipasuo, hasa /p/ na /b/, hutoa mshindo wa hewa unaosikika kama ngumi iliyopigwa mezani. Asiye na kinga ya dukani atandaze soksi ndefu nyembamba kwenye waya uliokunjwa duara, aiweke kati ya kinywa na maikrofoni. Kisha achague saa ambayo jirani amezima redio na mvua haipigi mabati.

Haya yote hayahitaji fedha nyingi. Kinachohitajika zaidi, na ambacho hakiuzwi dukani, ni mtu wa kusikiliza. Mwimbaji hawezi kuyasikia makosa yake yote kwa sababu maneno tayari anayajua, na akili yake humjazia konsonanti zilizopotea. Katika isimu jambo hili ni maarufu: msikilizaji husikia kile anachotarajia kusikia. Aliyetunga wimbo, akauimba mara hamsini, kisha akaketi kuusikiliza mwenyewe usiku wa manane, ni shahidi asiyefaa kabisa katika kesi hiyo. Nyani haoni kundule.

Kuna dawa rahisi, na walimu wataitambua mara moja. Mtafute mtu ambaye hajapata kuusikia wimbo wako. Mpe kalamu na karatasi, mchezee rekodi mara moja au mbili, na umwombe ayaandike maneno anayoyasikia. Halafu ilinganishe karatasi yake na shairi lako. Kila neno alilolikosea ni neno unalopaswa kuliimba upya. Hii ni imla, isipokuwa kwamba anayesahihishwa ni msomaji wa imla, si mwandikaji.

Sikio hilo la pili litakamata na kasoro nyingine ambayo mashine haiwezi kuigundua. Siku hizi vijana wengi huuchukua mdundo uliokwisha kutengenezwa na mtu mwingine, kisha wakayabana maneno yao humo. Mdundo haujui shadda ya Kiswahili. Wanafunzi wa kidato cha kwanza hufundishwa kwamba neno "barabara" likitiwa mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho ni njia ya magari, na mkazo ukirudi nyuma silabi moja maana yake ni sawasawa. Mtunzi anayeiacha ngoma ya kompyuta imhamishie mkazo huandika shairi moja na kuimba jingine. Msikilizaji mwema humwambia.

Watu wa studio watajibu kwamba sikio hilo ndilo wanaloliuza. Ni kweli kwa baadhi yao, nao wanastahili malipo yao. Lakini si kila nyumba yenye kibao cha studio mlangoni inalo. Nyingine zina kijana mmoja na kompyuta moja, anayepokea fedha kwa saa, anayesema kila kitu ni kizuri, na ambaye haja yake kubwa ni mteja wa saa inayofuata aingie. Mwanafunzi anayemlipa mtu kama huyo hajapata studio. Amekodi chumba cha mtu mwingine. Kabla ya kutoa hata shilingi, aulize: ni nani atakayenisikiliza, na je, ataniambia ukweli?

Kwa hivyo ushauri wangu kwa mwenye fedha kidogo ni alipie kile tu ambacho chumba chake hakiwezi kumpa. Sauti ya mtu mmoja na gitaa au nyatiti yaweza kurekodiwa vizuri nyumbani kati ya magodoro. Kwaya ya watu arobaini, ngoma kubwa, au bendi inayopiga kwa pamoja yahitaji ukumbi mkubwa na maikrofoni nyingi, na hapo studio haina mbadala rahisi. Kazi ya kuchanganya sauti nayo ni ujuzi wa miaka. Aliyejirekodi chumbani akimpelekea fundi hodari sauti zilizo safi atakuwa ametumia fedha zake mahali panapostahili. Na yeyote anayekwenda studioni aende akiwa ameujua wimbo, kwa maana saa inayolipiwa si saa ya kubishana kuhusu ubeti wa tatu.

Gharama ya pili ya uhuru huu ni kumbukumbu. Miaka michache iliyopita mwanafunzi mmoja wa shahada ya kwanza aliniletea rekodi ya bembelezi iliyoimbwa na nyanya yake. Alikuwa ameinasa kwa simu jikoni, sufuria zikigongana na redio ikinguruma chumba cha pili. Alipokuja kuyanukuu maneno, nyanya alikuwa amekwisha kuzikwa. Tuliisikiliza rekodi ile watu wanne, tena na tena. Katika mstari wa tatu kuna neno ambalo mmoja wetu alilisikia kuwa jina la mto na mwingine akalisikia kuwa jina la ng'ombe. Katika ukoo ule hakuna aliyebaki ambaye anaweza kuamua. Wimbo umebaki na tundu hilo, na tundu hilo halitazibika.

Ulinganishe mkasa huo na kazi ya Hugh Tracey, mtafiti aliyezunguka Afrika akirekodi muziki na ambaye mwaka 1954 aliianzisha huko Afrika Kusini maktaba ya muziki wa Kiafrika ijulikanayo kwa ufupi kama ILAM. Mwaka 1950 alifika Kapkatet, kwa Wakipsigis, akawarekodi wasichana wakiimba "Chemirocha". Jina hilo ni la mwimbaji wa Marekani, Jimmie Rodgers, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika huko. Ulimi wa Kikipsigis ukalifinyanga jina la mgeni mpaka likawa lake. Tracey hakuwa na studio pale. Alikuwa na mashine yake, na alikuwa na desturi ya kuchagua mahali, kuisogeza maikrofoni, kusikiliza, kisha kuandika wimbo ni upi, ni wa lugha gani, na umeimbwa wapi na lini. Ni kwa sababu ya maandishi hayo kwamba, katika miaka ya 2010, nakala za rekodi hizo ziliweza kurudishwa kwa watu wa Kapkatet. Mtu ana haki ya kuuliza kwa nini sauti za Wakenya zikae ugenini kwa zaidi ya nusu karne. Lakini kama hazingaliandikwa, hapangalikuwa na cha kurudisha.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii yapaswa kubandikwa juu ya kila kompyuta ya kurekodia. Kijana anahifadhi nyimbo zake zote kwenye kompyuta moja kuukuu, mafaili yameandikwa "wimbo mpya", "wimbo mpya wa mwisho", "wimbo wa mwisho kabisa". Siku kompyuta hiyo inapoibwa au kuungua, ujana wake mzima umekwenda nayo. Sisi tunaofanya utafiti nyanjani huanza kila rekodi kwa kutamka tarehe, mahali, lugha na jina la msemaji, ili hata karatasi ikipotea sauti yenyewe ijitambulishe. Mwanamuziki naye afanye vivyo hivyo, na aweke nakala katika sehemu tatu tofauti, moja kati yazo ikiwa nje ya nyumba yake.

Daftari hilo lina faida nyingine mbele ya sheria. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya 2001 hutenganisha utungo na rekodi: haki ya aliyetunga maneno na sauti ni moja, na haki ya aliyegharimia na kusimamia kurekodiwa kwake ni nyingine. Vijana watatu wanaporekodi chumbani kwa mmoja wao, hakuna anayeulizana habari hizo, kwa kuwa wao ni marafiki. Ugomvi huja siku wimbo unapopendwa. Ukurasa mmoja ulioandikwa jioni ileile, ukitaja nani alitunga maneno, nani alitengeneza mdundo, nani aliimba na nani alirekodi, na wote wakautia sahihi, ungeziokoa fedha nyingi na urafiki mwingi.

Sasa niwageukie walimu wenzangu. Katika silabasi zetu za fasihi simulizi, mwanafunzi hufundishwa aina za nyimbo: bembelezi, hodiya, kimai, nyiso, mbolezi na nyinginezo. Hufundishwa pia kwamba kurekodi ni mojawapo ya njia za kukusanya data nyanjani. Mara nyingi somo huishia ubaoni. Mwanafunzi hukariri neno "kimai" bila kupata kuisikia sauti ya baharia, kisha hulijibia swali la mtihani na kupata alama zake. Na katika mashindano ya muziki ya shule na vyuo, kila mwaka maelfu ya watoto huimba nyimbo walizofunzwa na wazee wa kwao, wakapigiwa makofi, wakapanda basi kurudi nyumbani, na nyimbo nyingi zikaishia pale pale jukwaani.

Kila shule yenye simu moja nzuri, maikrofoni moja na stoo ndogo inaweza kuwa na chumba cha kurekodia. Magodoro ya zamani ya bweni yatatosha kuzifunika kuta. Mwalimu wa Kiswahili awe sikio la maneno na mwalimu wa muziki awe sikio la sauti. Wanafunzi wenye simanzi ya kukosa studio warekodi nyimbo zao humo, nao kwa upande wao wapewe sharti moja: kwa kila wimbo wao mpya, kila mmoja amlete mzee mmoja wa kijijini, amrekodi kwa uangalifu uleule, ayaandike maneno akiwa na mwenyewe ubavuni pake, na nakala ikabidhiwe maktaba ya shule pamoja na jina la mzee huyo na ridhaa yake. Shule yenye wanafunzi thelathini wa aina hiyo, kwa muda wa miaka mitano, itakuwa na hazina ambayo vyuo vikuu vitakuja kuiomba.

Kazi hii haingoji bajeti ya serikali wala mfadhili kutoka ng'ambo. Inangoja mtu mmoja mwenye subira ya kukaa kimya mwenzake anapoimba, na mwenye ujasiri wa kumwambia kwamba neno la pili katika mstari wa nne halikusikika. Mwanafunzi anayeusoma ukurasa huu na ambaye ana wimbo kichwani asiulize kwanza bei ya studio. Amtafute mtu huyo, kisha likizo ijayo waende wote wawili kwa nyanya, wazime redio, na waanze na bembelezi.